Ukijani wa tangi la samaki ulivyotaka kuninyang'anya mume, Changamwe ile ya baada ya vita

Wakuu, salaam. Shikamoo zenu nimezipokea zote hata kabla hamjaziandika. Marahaba, marahaba, sasa tuketi.

Mimi ni mwanamke niliyepita tisini. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, na herufi za simu hii nimezikuza mpaka maneno matatu yanajaza kioo kizima. Kwa hiyo mkiona nimekosea msinirukie, na mkiona nimekawia mjue nimeenda kutazama chai.

Haya ninayoyaleta ni ya kweli. Uongo una kazi nyingi, lazima uukumbuke na kesho, na mimi hata ukweli wenyewe kuukumbuka siku hizi ni shughuli.

Nimekuwa nikisoma humu jinsi mnavyopigana na algae kwenye matangi yenu ya mimea. Huyu anazima taa, yule anamwaga dawa ya chupa, mwingine filter yake ni kubwa kuliko jiko langu na bado anaomba msaada kwa herufi kubwa. Nacheka peke yangu mpaka watu wa nyumbani wanakuja kuniangalia kama ni mzima.

Na mimi nilipigana na ukijani huo. Filter hatukuwa nayo, hata stima ndani ya nyumba hatukuwa nayo. Na kilichokuwa hatarini hakikuwa samaki peke yao.

Haya, twende.

Nyumbani naitwa Kadzo. Kwetu ni Rabai, watu wa kanisa, ila baba alihamia Kisauni kulima, nami nikakulia huko. Vita vilipokwisha nikaolewa na kijana wa Rabai vilevile, Elkana, aliyekuwa amerudi kutoka Burma. Wazee walizungumza na wazee, mchungaji akatangaza kanisani, tukafunga ndoa. Mimi na yeye kabla ya hapo tulikuwa tumesalimiana tu, tena mbele za watu.

Elkana alikuwa mwema. Hakunywa, hakunitukana, hakuniinulia mkono. Lakini alikuwa hazungumzi.

Sisemi alikuwa mpole. Wapole nawajua. Huyu akirudi kazini anaketi kitandani anatazama ukuta. Ukimwuliza chakula kikoje, anajibu "kizuri," na sahani bado imefunikwa.

Nilimwambia mama yangu, akanijibu kwamba waliorudi vitani ndivyo walivyo, nimvumilie. Nikavumilia. Lakini wakuu, kumvumilia mtu aliyepo na hayupo ni kazi ngumu, na mimi nilikuwa msichana wa maneno. Mpaka leo, mnaona wenyewe.

Tulipanga chumba Changamwe, nyumba ya makuti, dirisha letu likitazama upande jua linakotua. Elkana alikuwa akifanya kazi reli, kwenye chumba cha betri, kwa kuwa jeshini walimfundisha kuchaji betri za redio. Betri zile kubwa za wakati ule, ganda lake lilikuwa kioo kitupu. Kioo kinene, cha pembe nne, kinakufika magotini. Likipata ufa juu linatupwa.

Siku moja akarudi na ganda moja begani, amelifunga kwa gunia.

"La nini hilo?" nikamwuliza.

"La samaki," akasema, akaenda kunawa miguu.

Nilikuja kujua baadaye sana kwamba aliliona tangi la samaki huko India, kwenye dirisha la duka, wakati wanasubiri meli ya kuwarudisha. Alisimama pale mchana kutwa. Wenzake walikwenda mjini kutafuta starehe, yeye akatafuta samaki.

Tulilisugua kwa jivu na magadi, tukalisuuza, tukalisugua tena. Msijaribu haya nyumbani kwenu, asidi ya betri si kitu cha kuchezea. Kanga yangu moja ilitoboka kama wavu.

Jumapili baada ya kanisa tukaenda Kisauni kwa wazazi wangu kutafuta samaki.

Ninyi mnaopanga Ziwa la Ng'ombe leo, nyumba juu ya nyumba, jueni kwamba siku hizo ziwa lilikuwa ziwa na ng'ombe walikuwa ng'ombe. Kando yake kulikuwa na vidimbwi ambavyo mvua ikinyesha vinajaa, kaskazi ikiingia vinakauka mpaka ardhi inapasuka. Ndani ya vidimbwi hivyo mlikuwa na samaki wadogo, hawazidi kidole cha mwisho. Dume ana mkia mwekundu na ubavu wa buluu, ametiwa rangi mpaka zikamwagika. Jike ni wa kijivu tu. Nadhani mnaelewa, nguo nzuri alipewa asiye na kazi.

Tuliwatega kwa kanga. Tukang'oa na nyasi za majini na yungiyungi dogo.

Sasa sikilizeni kosa letu, kwa maana kosa hili lisingefanywa na mtu wa mjini. Elkana alisema mimea itataka chakula. Sisi ni watu wa shamba, tukitazama tope jeusi tunaona mali. Tukachota tope la palepale ng'ombe wanapoingia kunywa, wakinywa na kufanya mengine yote, tukajaza debe. Baba yangu mwenyewe akatusifu. Akasema, "Hapo hata mhindi ungeota."

Njiani tukirudi, pale daraja la kuelea la Nyali, Elkana alibeba kopo la samaki mbele ya kifua kwa mikono miwili. Kila mtu aliyempita karibu, Elkana alimwambia, "Taratibu, ndugu, taratibu." Nikahesabu moyoni kwamba siku ile alisema maneno mengi kuliko tangu harusi.

Tukaliweka tangi dirishani, ili mimea ipate jua. Naona wataalamu mnatikisa vichwa. Tikiseni tu, wakati ule hakukuwa na wa kunitikisia.

Wakuu, miezi ile ya mwanzo nilikuwa na furaha.

Elkana alikuwa akirudi kazini, haoni kitanda wala ukuta. Anavuta kigoda, anaketi mbele ya kioo, nami navuta changu. Mimea ilikuwa imesimama mirefu, maji yako wazi, jua la jioni likipita ndani chumba chote kinapata rangi. Na akiwatazama samaki, alikuwa anazungumza. Hakuwa akinitazama mimi, lakini alikuwa anazungumza.

Siku moja dume alimfukuza jike mpaka kwenye kona, kisha akasimama ametanua mapezi. Elkana akasema, "Huyu ni sajini wetu kabisa." Nikacheka. Akacheka na yeye. Hapo ndipo nilipoona kwamba mume wangu ana mwanya. Nilikuwa nimeishi naye muda wote ule sijui.

Kutoka kwa sajini akaja kwenye mvua za Burma, kutoka kwenye mvua akaja kwa rafiki yake ambaye hakurudi. Alikuwa akisema kidogo, anaacha, anatazama samaki, anaendelea. Sikuwa namharakisha.

Kulikuwa pia na mtu wa mbu. Hawa walikuwa watu wa afya waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba na debe la mafuta, wakiona maji yaliyotuama yenye viluwiluwi vya mbu wanayamwagia mafuta juu, viluwiluwi vife kwa kukosa pumzi. Wetu aliitwa Athmani, mwenyeji wa Mvita, mtu wa adabu, hodi yake tu ni ndefu kama risala. Mara ya kwanza alipoona tangi alishtuka, maji ndani ya nyumba! Elkana akachukua viluwiluwi kutoka kwenye upawa wa Athmani, akavitia tangini. Samaki wakavimaliza hapohapo.

"Wallahi," akasema Athmani, "hawa wafanya kazi kunishinda. Mimi maji nikiyaona chini yake, sina neno nayo."

Tukaachana kwa wema.

Kisha kaskazi ikaingia. Jua la kaskazi mnalijua. Likaanza kupiga kioo kila alasiri, na chini tope la ng'ombe limekaa tayari.

Mwanzo ilikuwa kama vumbi la kijani kwenye kioo. Elkana alilifuta kwa kumbi la nazi, likatoka. Kesho yake limerudi. Halafu zikaja nyuzi, ndefu, za kuteleza, zikazonga mimea shingoni. Halafu maji yenyewe yakageuka. Yakawa kijani kizito, ukitia mkono huoni vidole.

Tulifanya yote. Tulibadilisha maji kila siku, mimi nikipanga foleni bombani mpaka wanawake wakaniuliza nimefungua dobi. Nikaona labda tope limezidi, nikachota karibu nusu yake kwa upawa nikalitia kwenye chungu kilichopasuka mdomo, nikakiweka nje chini ya makuti, kivulini, nikisema nitapanda mchicha. Kumbe kulivuruga tope ni kumpa mwizi ufunguo. Maji yakawa meusi kwanza, kisha kijani kuliko jana. Na mchicha sikupanda, niliudhika mno.

Elkana alikuwa anafuta kioo asubuhi kabla ya kwenda kazini. Jioni anakikuta kimeziba. Anaketi kwenye kigoda, anatazama ule ukijani kama alivyokuwa akitazama ukuta.

Maneno yakaanza kupungua. Nikaanza kuogopa. Sikuwa nawaogopea samaki, wapo wengi Kisauni. Niliona kabisa kwamba mlango uliofunguliwa unafungwa, na mimi bado niko nje.

Athmani alipopita tena, alisimama mbele ya tangi muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Mama, mimi kwa mato yangu haya, chini sikuoni. Huko ndani yaweza kuwa na mbu, yaweza kuwa na mamba. Nikirudi nikiyakuta hivi, nitatia mafuta. Nisamehe, nimetumwa."

Wakati huohuo mamkwe alikuja kututembelea kutoka Rabai. Kwetu mama twamwita mayo, na mayo huyu alikuwa mwanamke wa shoka, mganga wa vidonda vya kijiji kizima. Alimwona mwanawe amenyamaza, akaniuliza kwa nini. Nikamweleza habari za samaki, ukijani na mtu wa mbu. Akalisogelea tangi, akainama, akanusa.

"Haya maji yana kidonda, mwanangu," akasema.

Na kidonda dawa yake aliijua. Mrututu. Vijana hamuujui, ni jiwe la buluu, lilikuwa likiuzwa madukani, watu walilisaga wakatia kwenye vidonda vibichi. Linachoma mpaka unamwita babu yako aliyekufa, lakini kidonda kinakauka.

Sisi wawili tulipokuwa tumetoka, mayo akasaga kipande chake cha mrututu akakimimina chote tangini. Kwa upendo, wakuu. Nataka muelewe hivyo. Alitaka kumponya mwanawe.

Na ulifanya kazi! Siku iliyofuata Elkana alitoka gizani kwenda kazini, na mimi niliporudi kutoka bombani nikaona maji yameng'aa. Yameng'aa kuliko siku ya kwanza. Nyuzi zimekuwa nyeupe, zimelala chini. Nikapiga kigelegele.

Halafu nikawaona samaki. Wote walikuwa juu, wamegeuza matumbo. Yungiyungi limelegea kama mboga iliyopikwa. Hata konokono alikuwa amejitoa kwenye nyumba yake akafia nje.

Mayo alipoona, aliketi sakafuni akalia. Na mimi ninayejua kusema, nilitamani kusema, nikameza. Mamkwe hagombezwi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakigombeza kinu.

Elkana alirudi, akatazama. Hakusema neno kwa mama yake, wala kwangu. Alimwaga kila kitu shimoni, akalikausha ganda la kioo, akalisukuma chini ya kitanda. Mayo akarudi Rabai kabla ya siku yake. Na mume wangu akarudi ukutani.

Baada ya hapo kulikuwa na kimya ambacho sitaki kukieleza sana. Jioni moja karibu na masika, akasema bila kunitazama kwamba amepata kazi ya injini kwenye meli ya mizigo, inakwenda India na kwingineko. Mkataba mrefu. Mshahara atakuwa ananiletea.

Nilimwuliza, "Na mimi?"

Akasema, "Utakaa na mayo."

Hapo nikapasuka. Nilimwambia kwamba sikuolewa na mayo. Nilimwambia akienda asirudi, maana hata akiwa hapa sijui niko na nani. Nilimwambia samaki walipata mume bora kuliko mimi. Majirani wote walinyamaza kusikiliza, na nyumba za makuti hazifichi kitu. Yeye akatoa kisanduku chake cha jeshi, cha mbao, akaanza kukifuta vumbi.

Sikujuta kusema. Lakini nililia sana, tena kwa sauti.

Masika ikaanza. Ikanyesha kama imelipwa. Meli ilikuwa iondoke wiki hiyo, na kisanduku kiko mlangoni, nguo ziko ndani.

Asubuhi moja mvua ilipotulia, nikasikia hodi ile ndefu. Athmani. Masika ndiyo msimu wake, kila kifuu cha nazi kina maji. Alizunguka nyumba, mimi nyuma yake, akafika kwenye chungu changu kilichopasuka. Mvua ilikuwa ikichuruzika kutoka kwenye makuti ikakijaza mpaka kwenye ufa.

Akachutama. "Mama, tazama. Viluwiluwi hivi, vimejaa tele."

Nikatazama, na kweli kulikuwa na vitu vidogo kama vipande vya uzi, vinacheza juu ya tope. Nikaona haya. Mke wa mtu, kwake ndiko kunakofugwa mbu. Nikamwambia, "Tia mafuta, kaka, tumalize."

Akafungua debe.

"Ngoja."

Ilikuwa sauti ya Elkana. Alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake vya safari mkononi. Alikuja peku kwenye matope, akapiga magoti, uso karibu uguse maji.

"Viluwiluwi vya mbu vinaning'inia kichwa chini," akasema. "Hivi vinakwenda mbele." Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, "Kadzo, hawa wana macho!"

Nikakimbia kuleta bakuli jeupe. Akachota kidogo. Na pale kwenye weupe wa bakuli tukaviona vizuri, vitoto vya samaki, vyembamba kuliko sindano, kila kimoja na macho mawili makubwa ya fedha.

Hakuna aliyetia samaki kwenye chungu kile. Kilikaa kikavu kaskazi nzima, tope lake limebaki na unyevu wa kivulini tu. Wataalamu humu mtanieleza vizuri kuliko mimi: samaki wa vidimbwi hutaga mayai ndani ya tope, dimbwi likikauka wazazi wanakufa, mayai yanalala yakisubiri mvua. Na tope lile nililitoa kabla ya mrututu. Siku hizo hatukujua hayo. Tulichojua ni kwamba wamekufa wote, na hawa hapa.

Elkana alikuwa amekifunika chungu kwa mikono yake miwili, kana kwamba Athmani atakitia mafuta kwa nguvu. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

"Usimwage," akamwambia. "Ndugu yangu, tafadhali. Usimwage."

Athmani alimtazama, akatazama bakuli, akafunga debe lake polepole.

"Mimi nimetumwa kuua mbu," akasema. "Habari za samaki sikuambiwa. Kwaherini."

Elkana hakusema kama anakwenda melini au haendi. Nami, kwa mara ya kwanza maishani, sikuuliza.

Aliomba ruhusa kazini, akaenda mtoni kuchota mchanga mweupe. Tuliuosha mpaka maji yakatoka safi. Ganda la kioo tulilisugua upya kwa jivu, mrututu usibaki hata harufu. Tope la ng'ombe safari hii tulitia kidogo tu, konzi moja, chini kabisa ya mchanga. Mimea tulitia mingi, mingi kuliko samaki wangehitaji. Mimi ndiye niliyesema, "Huu ukijani unakula. Tukiupa mimea mingi ya kushindana nao, utalala njaa."

Kisha akasema, "Na dirishani si mahali pake."

Tukatazama chumba. Upande wa kivuli hapakuwa na meza, hapakuwa na chochote cha kuliinua. Elkana akasimama kidogo. Akaenda mlangoni, akafungua kisanduku cha jeshi, akatoa mashati, akatoa suruali, akaviweka kitandani kimoja kimoja. Akakifunga, akakiburuta mpaka kwenye kona ya kivuli, akaliweka tangi juu yake.

Nikainua ndoo nikaanza kutia maji tangini.

Vitoto vilikua upesi, samaki wa vidimbwi hawana muda wa kupoteza. Ukijani haukuisha kabisa, nisiwadanganye. Ulibaki kidogo kwenye kioo cha nyuma, konokono wakiulamba, nasi tukauacha. Chakula tulipunguza, tukabadilisha maji kidogo kila Jumamosi, na kaskazi iliyofuata nikaning'iniza kanga dirishani. Maji yalikaa wazi. Athmani alikuwa anakuja kunywa chai, debe analiacha nje.

Mayo tulimpelekea habari Rabai kwamba samaki wamezaliwa tena. Akajibu, "Si niliwaambia mrututu unaponya?" Elkana alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini niwarudishe jioni ya wiki ileile ya masika. Tangi limewekwa siku hiyo hiyo, maji bado yana ukungu. Elkana mkono wake uko ndani mpaka begani, anapanda nyasi moja iliyokataa kusimama. Ikalia honi ya meli kutoka Kilindini, ndefu, ile ya kuaga. Changamwe nzima inaisikia honi hiyo.

Nikamtazama. Yeye hakuinua kichwa.

"Kadzo," akasema, "nipe kitambaa."

Nikampa.

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, tukapata watoto, tukahama Changamwe tukajenga Kisauni, na alinizungumzia mpaka mwisho. Siku nyingine alizidisha, nikamwambia nenda kawatazame samaki. Nilimpenda sana, wakuu. Neno hilo naliandika hapa kwa kuwa wakati wetu halikuwa likisemwa.

Funzo langu kwenu wenye matangi: msikimbilie dawa. Ukiona maji yamegeuka rangi, uliza kwanza ni nani anayeyalisha. Kwetu walikuwa jua la jioni na ng'ombe, na wote wawili tuliwakaribisha wenyewe. Dawa ikisafisha maji kwa siku moja, tazama pia nani amekufa. Na tope ukilitoa, usilitupe haraka.

Wajuzi karibuni mnisahihishe, sikasiriki, ila andikeni herufi kubwa nione. Na kama kuna mtu wa Kisauni, au popote huku bara, ambaye bado anawaona wale samaki wadogo wenye mkia mwekundu kwenye vidimbwi vya mvua, naomba aniambie ni wapi. Masika hii nitakuja kuwatazama, hata kama ni kwa kubebwa.